Mwalimu wa Mabata wa Mbao

Nilimjua kwa ugomvi, na sidhani angependa nianze kwa namna nyingine.

Chini ya jengo letu kule Forest, mtaa mmoja wa Brussels, kuna kave, ndivyo tunavyoita ghala la chini, ambako kila mpangaji ana kijumba cha kuwekea masanduku na baiskeli mbovu. Katika kijumba kimoja kulikuwa na mtu anayegonga. Aligonga kila Jumamosi asubuhi, saa ambayo mimi niliyekuwa nikisafisha maofisi tangu alfajiri ndiyo kwanza nimejilaza. Siku moja nilishuka nimejifunga kanga, matusi yangu nimeshayapanga kwa Kifaransa. Nikamkuta mama mmoja amekaa juu ya kreti ya bia, miwani kwenye ncha ya pua, amebana kipande cha mti mweupe katikati ya magoti. Kabla sijafungua mdomo aliitazama kanga yangu, akarudisha macho kwenye kazi yake.

"Ama uingie, ama utoke. Mulango wazi inaleta unyevu."

Niliingia. Matusi yangu niliyasahau, na sijui mpaka leo ni kwa nini.

Kila mtu alimwita Maman Mwalimu, kwa sababu huko Bukavu alifundisha hesabu shule ya msingi kabla vita havijamng'oa. Brussels hakumfundisha mtoto yeyote. Aliosha wazee majumbani mwao, akawalisha, akawabadilisha shuka, na Jumamosi akachonga mabata. Mimi nilimwita Mwalimu tu. Kiswahili changu ni cha kambini Kigoma, ambako familia yetu ya Uvira ilikimbilia nikiwa mdogo, na kilimkera tangu siku ya kwanza.

"Wewe wa Kigoma," aliniambia, "unasema sawa vile redio."

Mabata aliokuwa akiwachonga ni wale ambao wawindaji wa huku huwaacha waelee kwenye maji. Bata mwitu akipita angani akaona wenzake wametulia bwawani, huamini pana usalama, hushuka, na mwindaji aliyejificha kwenye matete hupiga. Ni kazi ya zamani ya watu wa huku. Wanaoijua wamebaki wachache, na wengi wao wangeshangaa kumkuta mama wa Bukavu kwenye kave, kilemba kichwani, akilitoa bata tumbo kwa patasi ili lielee vizuri.

Sasa niseme juu ya hasira zake, maana siku hizi mtu akishazeeka watu humpaka asali mpaka humtambui. Mwalimu hakuwa mpole. Alikuwa na hasira kama watu wengine walivyo na kikohozi. Alikasirikia mvua ya Brussels kwa kuwa haijui kunyesha ikamaliza. Alikasirikia watu wanaoongea na simu kwa sauti ndani ya tramu. Alimkasirikia mchungaji wake kwa kuhubiri kwa Lingala wakati nusu ya kanisa ni watu wa Kivu. Mimi alinikasirikia kwa kuchelewa, kwa kuwahi, na kwa kupumua karibu na rangi isiyokauka.

Kisu butu kilimtia wazimu. Mara ya kwanza nilipokuja kujifunza, na kisu changu cha jikoni mkononi, alikipitisha kwenye kucha yake, akakitupa kwenye pipa la taka.

"Kisu ya butu haikatake," alisema. "Inaombaka. Mimi sitaki mutu wa kuomba hapa."

Kwa majuma mengi sikugusa mti. Nilinoa tu. Nilimwaga maji kwenye jiwe, nikanoa, nikampa, akajaribu ukali kwenye unywele wa mkono wake, akanirudishia bila neno. Siku aliyosema "bon", yaani vizuri, nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne nikicheka peke yangu kama mwehu.

Msasa aliuchukia kuliko kisu butu. Kwake, mtu anayesugua mti kwa msasa anaficha kitu. "Ile njo poda," alisema. "Sura ikiwa muzuri, poda ya nini?" Alitaka kila mkato ubaki ukionekana. Wawindaji nao walimwambia kuwa mikato hiyo huvunja mng'ao wa jua, na bata wa angani hashtuki.

Na wawindaji aliwapenda, jambo lililonishangaza. Nilidhani mtu aliyekimbia bunduki angewachukia wenye bunduki. Nilipomuuliza kama haoni vibaya kuchonga kitu cha kumdanganya ndege auawe, alinitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yanalowesha.

"Weye, kuku unakulaka?"

"Nakula."

"Alors, chonga."

Mwindaji mmoja alimletea bata kila msimu, naye aliwapika kwa mawese na pilipili, akawala na fufu ya muhogo na sombe, kisamvu cha kwetu, akilamba vidole. Waliomchefua ni wale wanaonunua bata wa mbao wakawapanga juu ya kabati na kuwapigia taa. "Mwindaji anatupaka bata ku mayi," alisema. "Ikizama, anakuambia. Ule mwingine atakuambia nini? Kwake bata haizamake."

Kwa hiyo kila bata lilipita kwenye beseni lake la kuogea. Alilizamisha mpaka chini, akaliachia ghafla. Likiibuka likajisimamisha lenyewe, sawa. Likilala ubavu, alilipasua kwa shoka hata kama lilikuwa la majuma mawili ya kazi. Alipasua mabata wangu wengi hivyo. Nililia kwa moja, jike la kahawia nililolipenda sana. Aliniacha nilie, akaokota vipande akavitia kwenye mfuko wa kuni.

Mabata jike ndio waliokuwa heshima yake. Dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa, mtu yeyote mwenye kopo la rangi anaweza kukipaka. Jike ana kahawia juu ya kahawia, kila unyoya na mstari wake, na ukikosea anakuwa gunia. "Dume ni ya kupiga picha," alisema. "Muke njo masomo."

Siku moja wilaya yetu ilikuwa na sikukuu ya mafundi, meza zimepangwa barabarani. Mwalimu alipewa meza, nami nikamsaidia kubeba. Akaja bwana mmoja mwenye skafu nzuri, akawatazama mabata, akamtazama Mwalimu, akatabasamu kwa huruma ile ninayoijua. Akamuuliza kwa Kifaransa kama hana vinyago, vitu vya kwao, vitu vya asili zaidi.

"Kwetu," Mwalimu alijibu, "nilifundisha hesabu. Unataka nikufundishe kugawanya?"

Yule bwana alicheka, akidhani ni utani. Mwalimu hakucheka. Alimtazama mpaka akaondoka, na siku nzima iliyobaki aliwajibu wateja kwa neno moja moja. Jioni tukifunga meza aliniambia: "Wanataka nichonge ile wanatumainiaka. Mimi pia ni bata?" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akizungumzia jambo hilo.

Wema wake ulitoka kwa njia ileile ya ukali. Niliwahi kujikata kidole gumba mpaka nikaona weupe wa mfupa. Alinitukana huku akifunga kitambaa, akanitukana ndani ya teksi, na hospitali akamtukana karani aliyetuambia tusubiri. Alikosa zamu yake ya kazi siku hiyo. Nilipotoka na nyuzi kidoleni nilimkuta amelala kwenye kiti, mdomo wazi, pochi yangu ameikumbatia kwa mikono miwili. Alipoamka alisema, "Nani alikufundishaka kushika kisu vile?" Nikamwambia ni yeye. Akanirudishia pochi, akainuka.

Yeye mwenyewe alifundishwa na mzee mmoja Mflamandi aliyekuwa akimwosha. Mzee huyo alikuwa na jina kubwa kwa wawindaji na wakusanyaji wa mabata. Mwalimu alipoanza kwenda kwake mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, na mzee alikuwa akiwapigia kelele watu wote wa nyumba. Siku moja alimtupia Mwalimu kipande cha mti. Mwalimu akakiokota, akachukua kisu mezani, akaanza kukata, kwa hasira tu, kumwonyesha kuwa yeye si mbwa wa kutupiwa mti. Mzee akautazama mkato. Kisha akasema, taratibu, "Hapana hivyo. Fuata nyuzi za mti."

Ndivyo ilivyoanza. Mzee alikaa nyuma yake kwenye kiti cha magurudumu, akisema "zaidi, zaidi, simama." Mwanzoni Mwalimu alikuwa mikono na mzee macho. Macho ya mzee nayo yakaja kufa, Mwalimu akawa vyote viwili, na mzee akabaki kupapasa bata kwa vidole vinavyotetemeka na kusema ndiyo au siyo. Miaka yake ya mwisho, kila bata lililotoka katika nyumba ile lilitoka mikononi mwa Mwalimu. Chini ya kila moja palichomwa alama ya mzee kwa chuma cha moto.

Na mtoto wa kiume wa mzee alijua. Hapa ndipo damu inaponichemka, hata sasa ninapoandika. Alikuja kila Jumapili kunywa kahawa. Alimkuta Mwalimu na kisu mkononi na maranda ya mti magotini, na baba yake amekaa pembeni mikono mitupu. Alikanyaga zile takataka za kisu kwa viatu vyake. Hakuwa kipofu.

Mzee akafa. Mtoto akafunga nyumba, akachukua mabata wote. Baada ya muda akaandaa maonyesho katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, mabata ndani ya vioo, taa juu yao, na jina la baba yake ukutani kwa herufi kubwa. Mwalimu alialikwa. Alialikwa kama "yule mama aliyemtunza baba vizuri sana", na akaombwa, kama haitamsumbua, alete yale mandazi yake ambayo baba aliyapenda.

Akaleta. Alikaanga mandazi usiku kucha, akayabeba kwenye beseni lililofunikwa kitambaa, akavaa kitenge chake cha kanisani. Mimi nilikwenda naye nikiamini kuna jambo zuri limeandaliwa, kwamba mtoto atamwita mbele na kumshukuru kwa kazi. Nilivaa viatu virefu!

Mtoto alishika kipaza sauti. Akasema baba yake alichonga mpaka siku zake za mwisho. Akasema mabata bora kuliko wote, hasa majike wale wa kahawia, ni wa miaka ya uzeeni, mkono wa mzee ulipofikia ukomavu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma, karibu na meza ya vinywaji, ameshika sahani ya mandazi, na watu walikuwa wakichukua bila kumtazama.

"Uongo!" nilisema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa kuwa hasira haikunipa nafasi ya kutafsiri. Vichwa vikageuka. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema kwa Kifaransa Mwalimu aliponishika mkono juu ya kiwiko, kwa vidole vile vya kubana mti, akanitoa nje kama mlevi.

Tuligombana mpaka kwenye kituo cha tramu, na ndani ya tramu, sisi wawili tuliokuwa tukiwalaani wenye kelele ndani ya tramu.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. "Wewe unayemtukana karani wa hospitali! Unayetupa visu vya watu! Leo ndiyo siku ya kunyamaza?"

"Ile alama, nani alichoma?" alisema. "Ni mimi. Na mukono yangu."

"Kwa nini ukachoma?"

Alitazama dirishani. 

"Muzee alikuwa na haya," alisema. "Mikono ilimuacha. Mwanaume akiachwa na mikono, anabaki nini? Aliniomba. Aliniomba akilia, mutoto yangu, muzee mwenye kuniita majina yote. Mimi nilimuosha ule mutu. Nilimuvua nguo kila siku, na hakuna mutu moja mu Bruxelles anajua namna mwili yake ilikuwa. Sasa nikisema pale mbele ya watu, ile si kumuvua tena?"

"Amekufa, Mwalimu."

"Ata maiti inafunikwaka."

"Na wewe? Wewe nani anakufunika?"

 Aliweka beseni tupu magotini akakunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Nilishuka kituo kimoja kabla ya chetu kwa sababu nisingeweza kukaa karibu naye zaidi. Nilimwona bado ameketi, tramu ikiondoka, kitenge kizuri namna ile.

Sikushuka tena kwenye kave. Baadaye alihamia Molenbeek kwa binti yake, nami nikaendelea kuchonga peke yangu jikoni, vibaya. Watu waliponiuliza habari zake nilisema sijui. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo kwa mtoto wa mzee. Mwizi ni mwizi, unajua pa kumweka. Mtu anayemsaidia mwizi kubeba, kisha akamkaangia mandazi, utamweka wapi? Mashangazi zangu kambini walikuwa hivyo. Mama yangu alikuwa hivyo. Wote walifunika watu, wakafa wakiwa wazi.

Nilimwona tena mwaka huu, Jumapili, kwenye soko la vitu vya zamani kule Marolles. Wauzaji hutandika vitambaa juu ya mawe ya uwanja, na juu yake humwaga nyumba za watu waliokufa, vijiko, taa, picha za harusi za watu wasiojulikana. Nilikuwa natafuta sufuria. Kwanza niliiona sauti, kama mtu anavyoweza kuona sauti ya mtu aliyemkosa.

"Ile mukia!" alikuwa akisema. "Ile mukia, Mungu wangu!"

Alikuwa amezeeka. Alikuwa amechuchumaa kwa shida mbele ya kitambaa cha bwana mmoja mwenye ndevu, na juu ya kitambaa hicho, katikati ya pasi za zamani na mwanasesere asiye na mkono, walilala mabata watatu wa mbao. Yule mtoto wa mzee alikuwa amechoka nao. Baba aliyetiwa kwenye vioo sasa alikuwa chini, kwenye mawe, pamoja na pasi.

Mwalimu aliinua jike moja la kahawia, akaligeuza, akapitisha kidole mkiani. Muuzaji akamwambia ni kazi ya zamani, ya fundi mkubwa Mflamandi. Mwalimu hakumsikia. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kisu chake kidogo, akalibana bata katikati ya magoti, akaanza kulikata.

"Madame!" Muuzaji aliruka. "Una wazimu? Hilo ni langu! Utalilipa!"

"Nitalipa. Niache nimalize."

"Nani kakuruhusu kuharibu?"

"Liliharibika tangu zamani," alisema Mwalimu kwa Kifaransa chake cha ualimu, bila kuinua kichwa. "Mkia uko mzito. Siku ile mzee alikuwa na homa, nikafanya haraka. Ni mimi niliyelichonga."

Alisema hivyo tu. Miaka yote ile, na ukumbi ule uliojaa watu waliopaswa kusikia, na kipaza sauti, akaja kusema kwa muuza pasi ambaye hakujali hata kidogo.  Nilipenya kati ya watu waliokuwa wameanza kusimama kutazama, nikamwambia yule bwana kwa sauti, kwa Kifaransa, kuwa anayosema huyu mama ni kweli, kuwa ni yeye aliyewachonga wote, kuwa wamemwibia.

Mwalimu aliinua macho. Alinitambua, na hakuonyesha kushangaa.

"Hapana wote," aliniambia. Akaonyesha kwa ncha ya kisu bata la pembeni, dume la zamani, rangi imekwishatoka shingoni. "Ule ni ya muzee mwenyewe. Kabla ya mikono kufa. Angalia shingo. Mimi sijaweza ile shingo ata siku moja."

Muuzaji aliangalia shingo. Sote tuliangalia. Kisha akakuna ndevu zake, akakaa kwenye kigoda chake, akamwacha.

Mwalimu alirudi kwenye mkia. Vidole vyake navyo vilikuwa vimeanza kutetemeka, nikaona sasa, na bata lilikuwa likiteleza kwenye magoti. Alijaribu kulibana, likateleza tena. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, niliyoyapanga kwa miaka, na karibu yote yalikuwa makali.

"Unasimama ya nini?" alisema. "Shika kichwa."

Nilipiga magoti juu ya mawe, nikashika.